Mitishamba Ifunguayo Mishipa Yataka Kipimo, Si Kipaza Sauti

Jumamosi moja asubuhi, katika vibanda vilivyo kando ya barabara ya Moi Drive mtaani Umoja, nilimkuta mwalimu wangu wa zamani amesimama mbele ya meza ya mchuuzi wa dawa za mitishamba. Mezani palikuwa na mafungu ya magome na mizizi, pakiti za unga wa majani makavu, na chupa zilizowahi kutiwa soda, sasa zimejaa maji ya rangi ya kahawia. Kipaza sauti kilirudia maneno yaleyale bila kuchoka: dawa hii husafisha damu, hutuliza tumbo, huondoa maumivu ya viungo na, la mno, hufungua mishipa.

"Shikamoo, Mwalimu," nikamwamkia.

"Marahaba. Usinitazame hivyo, kijana wangu," akaniambia huku akiipokea chupa yake. "Vidonge vya presha nimevimeza miaka minane. Mti huu Mungu aliuumba kabla ya kiwanda chochote. Kwani babu zetu walitibiwa na nani?"

Nilinyamaza. Huyu ndiye mtu aliyenifunza kuandika insha, na adabu hainiruhusu kubishana naye sokoni. Miezi minne baadaye alianguka akiwa bafuni. Alipofikishwa hospitalini, presha yake ilikuwa imepanda kupita kiasi, na mshipa mmoja wa ubongo ulikuwa umepasuka. Alinusurika, lakini mkono wake wa kulia, ule ulioshika chaki kwa zaidi ya miaka thelathini, haukunyanyuka tena kama zamani. Makala haya ni jibu ambalo nilipaswa kumpa siku ile nikalimeza.

Kwanza, na tumtendee haki mchuuzi. Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ingetosha kummaliza mwenye kipaza sauti, lakini haitoshi kuumaliza ukweli. Neno lake, kwamba ipo mimea ifunguayo mishipa ya damu, si uongo. Ipo mimea iifunguayo, na ipo iibanayo. Wanaodharau mitishamba wakidai kuwa ni maji matupu wanakosea sawasawa na wanaoiabudu. Kosa hilo la kwanza ndilo huzaa la pili, kwa maana mtu akiambiwa kwamba kitu hakina nguvu, hukitumia bila hofu.

Ili tuelewane, yafaa tuutazame mshipa wenyewe. Mshipa wa ateri, unaochukua damu kutoka moyoni, haufanani na mpira wa kumwagilia maji bustanini. Ukuta wake u hai. Ndani una utando mwembamba wa seli unaogusana na damu. Katikati una msuli unaoweza kukaza na kulegea. Nje una tabaka la kuukinga. Neva huuamuru msuli huo ukaze kwa kutoa kemikali iitwayo noradrenalini. Utando wa ndani nao huuamuru ulegee. Mwaka wa 1980, mwanasayansi Mmarekani Robert Furchgott alionyesha kwamba ukiukwangua utando huo, mshipa hupoteza uwezo wa kulegea ufikiwapo na baadhi ya kemikali ambazo kwa kawaida huulegeza. Baadaye ikabainika kuwa ujumbe unaotolewa na utando huo ni gesi, oksidi ya nitriki. Kwa ugunduzi huo, Furchgott na wenzake wawili, Louis Ignarro na Ferid Murad, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1998.

Wanafunzi wa fizikia watafurahia jambo la pili. Katika miaka ya 1840, tabibu Mfaransa Jean Poiseuille alieleza jinsi kiowevu kinavyopita katika mrija mwembamba. Ukiupunguza upana wa mrija ukawa nusu, kwa msukumo uleule, kiasi kinachopita hakiwi nusu bali sehemu moja ya kumi na sita. Hata ukipunguza upana kwa moja ya tano tu, kinachopita hupungua zaidi ya nusu. Mishipa midogo inapokaza, basi, hata kwa kiasi ambacho jicho halingekiona, moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu nyingi zaidi. Msukumo huo ndio tuuitao presha. Kitu chochote kinachogusa upana wa mshipa kimegusa rungu zito. Jani likiweza kuugusa, basi jani hilo pia ni rungu.

Je, mishipa ya watu wa Umoja imepatwa na nini hata ikahitaji kufunguliwa? Mwaka wa 1929, daktari wa enzi ya ukoloni aitwaye Donnison, aliyehudumu Nyanza, aliandika katika jarida la kitabibu la Lancet kwamba miongoni mwa wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa kwake kwa muda wa miaka miwili hivi, hakumwona hata mmoja aliyetambuliwa kuwa na shinikizo la juu la damu. Zaidi ya nusu karne baadaye, watafiti waliwafuatilia Waluo waliohama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya na kuja Nairobi, wakawalinganisha na waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1990. Presha ya waliohamia mjini ilianza kupanda mapema baada ya kufika. Chumvi katika mkojo wao iliongezeka ikilinganishwa na potasiamu, madini yapatikanayo kwa wingi katika mboga na matunda, na mapigo ya moyo yao yalikwenda kasi zaidi.

Kwa hivyo babu zetu, ambao Mwalimu aliwataja kwa fahari, huenda hawakuwa na mti wa siri wa kutibu presha. Yamkini wengi wao hawakuwa na presha yenyewe. Sisi tuliojenga maisha yetu katika mitaa ya Eastlands, tunaokula chipsi zilizonyunyiziwa chumvi kituoni na kulala saa chache kabla ya matatu ya alfajiri, tuna maradhi ambayo wao hawakuyafahamu sana. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja maishani. Soko la mchuuzi ni hilo.

Sasa tuirudie mimea. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Wachaga hutumia magome ya mti uitwao msesewe kuipa mbege uchungu wake. Wataalamu wa mimea huuita Rauvolfia caffra. Ndugu yake wa Bara Hindi, Rauvolfia serpentina, ametumiwa na waganga wa huko kwa karne nyingi. Mwaka wa 1949, Daktari Rustom Jal Vakil wa Bombay alichapisha katika jarida la Uingereza ushahidi wake kwamba mzizi wa mti huo hushusha presha. Mnamo 1952, wanakemia wa kampuni ya Ciba nchini Uswisi walitenga kiini chake wakakiita reserpini. Ndugu mwingine, Rauvolfia vomitoria, huota Afrika Magharibi hadi Kongo na Uganda, na mizizi yake kutoka Kongo ilisafirishwa ng'ambo kwa wingi ili kukamuliwa dawa hiyo. Mti wa Kiafrika uliingia katika vidonge vya dunia nzima.

Reserpini hufanyaje kazi? Huzimaliza ghala za noradrenalini zilizo katika ncha za neva. Neva hubaki kama karani asiye na karatasi: amri ipo, lakini haina pa kuandikwa. Msuli wa mshipa ukikosa amri ya kukaza, hulegea, na presha hushuka. Hapo mchuuzi angepiga makofi.

Lakini asikilize kipimo. Kwa kawaida mgonjwa wa presha alipewa reserpini kati ya miligramu 0.1 na 0.25 kwa siku. Robo ya miligramu ni sehemu moja kati ya 4,000 za gramu. Chukua kijiko kimoja cha chai cha sukari, chenye uzito wa gramu nne hivi, ukigawe mara 16,000. Sehemu moja ndiyo dozi ya siku nzima. Kwa kuwa dawa hiyo huzimaliza pia ghala za ubongoni, iliripotiwa kwamba baadhi ya wagonjwa waliopewa dozi kubwa katika miaka ya 1950 waliingiwa na huzuni nzito. Leo reserpini hutumika kwa nadra, kwani dawa nyingine zimechukua nafasi yake. Hata hivyo, funzo lake halijachakaa. Ikiwa robo ya miligramu yaweza kuishusha presha, na kiasi kikubwa chaweza kuivuruga akili, ni nani awezaye kutazama chupa ya maji ya kahawia akajua iliyomo ni ngapi? Mti uliokatwa wakati wa masika haulingani na uliokatwa kiangazi. Mzizi si gome. Kilichochemshwa kwa saa moja si kilichochemshwa kutwa. Na pale Moi Drive, hata jina la mti halikuandikwa kwenye chupa.

Ipo pia mimea mipole, nayo yatufunza kwa njia nyingine. Katika Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, watu 65 ambao presha yao ilikuwa imepanda kidogo, na ambao hawakuwa wakitumia dawa, waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilikunywa vikombe vitatu vya chai ya rosela kila siku kwa majuma sita. Jingine likanywa kinywaji kilichofanana nayo. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2010. Ile tarakimu ya juu ya presha ilishuka kwa takriban alama saba kwa wanywaji wa rosela, na kwa alama moja hivi kwa wenzao. Kitunguu saumu nacho kina njia yake: utafiti uliochapishwa mwaka wa 2007 ulionyesha kuwa seli nyekundu za damu hugeuza viini vyake kuwa salfaidi ya hidrojeni, gesi ileile inukayo katika yai viza, nayo kwa kiasi kidogo hulegeza mishipa.

Je, si habari njema? Ni habari njema mno. Ila tufanye hesabu. Mwenye presha ya 135 akipunguziwa alama saba amefika 128, naye na ashukuru. Mwenye presha ya 180 akipunguziwa alama hizohizo amebaki na 173, yaani angali ukingoni mwa shimo. Kikombe kilekile ni msaada kwa jirani mmoja na ni mtego kwa mwingine, na hakuna ajuaye yeye ni yupi pasipo kupimwa. Presha ya juu mara nyingi haiumi wala haiwashi. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba katika miezi ile minne alijihisi buheri wa afya.

Upande wa pili ipo mimea ibanayo, na hapa nawageukia wanafunzi. Kila msimu wa mitihani hawakosi vijana wanaotafuna miraa au muguka ili kuufukuza usingizi. Kiini chake kikuu, kathinoni, kilitambuliwa mwaka wa 1975 na maabara ya Umoja wa Mataifa. Chenyewe huenda kinyume na reserpini: badala ya kuzimaliza ghala za noradrenalini kimyakimya, huzifungua kwa ghafla. Moyo hupiga kasi, mishipa hukaza, presha hupanda. Kathinoni hufifia jani linyaukapo, na ndiyo sababu miraa hufungwa kwa majani ya migomba na magari yake kutoka Meru yakawa na sifa ya kukimbia kama yanafukuzwa. Utafiti uliofanywa Yemen, ambako miraa hutafunwa sana, ukachapishwa mwaka wa 2005, ulionyesha kuwa watafunaji, hasa wa kiasi kikubwa, walikabiliwa na hatari zaidi ya kupatwa na mshtuko wa moyo.

Sisemi haya ili kuivunja riziki ya wakulima wa Meru na Embu. Nasema ili tuone kichekesho kilichomo majumbani mwetu. Mtu hunywa chupa ya kufungua mishipa asubuhi, kisha jioni huketi barazani akatafuna kitu cha kuibana, na baina ya hayo mawili akameza kidonge cha hospitali alichokumbuka ghafla. Mishipa yake imekuwa uwanja wa mabwana watatu wasiojuana.

Na si mimea yenye sifa ya dawa pekee ijitiayo katika mambo haya. Mwaka wa 1991, Daktari David Bailey na wenzake nchini Kanada walichapisha jambo walilolipata kwa bahati: maji ya balungi huzidisha sana kiasi cha felodipini, mojawapo ya dawa za presha, katika damu ya mgonjwa, kwa kuwa huzuia kimeng'enya kinachoivunjavunja tumboni. Ikiwa tunda la kawaida laweza kukifanya kidonge kimoja kiwe kama viwili, tuseme nini juu ya mchanganyiko wa magome saba yasiyo na majina?

Kwa hakika, hatuanzi patupu. Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha kitabu chake kuhusu mimea ya dawa ya Afrika Mashariki mwaka wa 1976. Taasisi ya Utafiti wa Kitabibu ya Kenya, KEMRI, ina kituo cha utafiti wa dawa za asili. Jijini Dar es Salaam, Muhimbili imeshughulikia elimu hiyo tangu 1974. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 hapa Kenya ilitenga sehemu nzima kuhusu tiba za asili. Kilichopungua ni daraja kati ya maabara hizo na meza ya Moi Drive.

Daraja hilo lina nguzo tatu. Ya kwanza ni mchuuzi na mganga. Tumdai jina la mmea, sehemu iliyotumiwa, kiasi na tarehe ya kutayarishwa. Anayeujua mti wake hatakosa la kujibu. Asiyeujua afadhali atambulike. Ya pili ni daktari na muuguzi. Wajifunze kumwuliza mgonjwa, bila dharau wala kukemea, ni mitishamba gani anayoitumia. Mgonjwa akikemewa mara moja, safari ya pili huificha chupa, na siri hiyo ni hatari kuliko chupa yenyewe. Mpasuaji asiyejua kwamba mgonjwa wake hula kitunguu saumu kwa wingi aweza kushangazwa na damu isiyoganda upesi.

Nguzo ya tatu ni sisi walimu. Tumefundisha mfumo wa damu kwa kuchora moyo ubaoni, rangi nyekundu upande mmoja, buluu upande mwingine, tukatahini na kusahihisha. Ni shule ngapi zilizompa mwanafunzi nafasi ya kufunga mkanda wa mashine ya presha mkononi mwa mwenzake na kuzisoma zile tarakimu mbili? Mashine moja ya kutumia betri haizidi sana bei ya jozi nzuri ya viatu vya shule. Darasa moja laweza kuwa nayo. Mwanafunzi aliyejifunza kuwa 120 kwa 80 ni salama na kwamba 140 kwa 90 yataka kuonwa na tabibu, atakwenda nyumbani Umoja, Kayole au Donholm, ampime nyanya yake, aandike daftarini, na juma lijalo apime tena. Kisha nyanya akitaka kunywa rosela yake na ainywe. Daftari litasema ukweli ambao kipaza sauti hakiwezi kuusema. Wenye vipaji zaidi wapeleke maswali haya katika mashindano ya sayansi ya shule, wakiuliza ni kitu gani kilichomo katika jani, na ni kiasi gani, kabla ya kuuliza kinatibu nini.

Juzi nilikwenda kumjulia hali Mwalimu. Nilimkuta ameketi dirishani, mkono wa kushoto ukishika kalamu. Mbele yake palikuwa na daftari la mistari, na ndani yake tarehe na tarakimu mbilimbili, zimeandikwa kwa herufi kubwa zilizopinda kama za mtoto wa darasa la kwanza. Vidonge vyake vilikuwa mezani. Kando yake palikuwa na kikombe cha rosela, nacho daktari wake amekwisha kuarifiwa.

Nilimwuliza kama anamlaumu yule mchuuzi. Akatikisa kichwa.

"Alinipa bila kupima, nami nikapokea bila kuuliza," akasema. "Miaka yote ile niliwaambia ninyi kwamba kuuliza si ujinga. Siku yangu ya kuuliza ilipofika, nikaona haya."

Kisha akanisukumia daftari lile, nimsomee tarakimu za asubuhi, ahakikishe kwamba hakukosea.